Mawaziri wa Alhamisi

Tarehe 6 Februari 2006, siku ya Jumatatu, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Bordesley Green, Birmingham, Uingereza, akifunga kamba za viatu, na kiatu cha pili hakukimaliza. Moyo. Hospitali ni mwendo mfupi kutoka kwetu na gari la wagonjwa lilifika upesi, lakini hapakuwa na la kufanya. Jumatano tulimzika.

Nilichopoteza pamoja naye ni mazungumzo. Mimi si msemaji, tangu utotoni. Nyumba yetu ilikuwa na sauti kwa sababu yake. Mimi ni Msomali wa Isiolo, nimesoma mpaka darasa la nane. Yeye alikuwa mtu wa Mombasa. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, tukakutana kwenye Kiswahili na hatukutoka humo. Alikuwa dereva wa teksi, na dereva wa teksi husikia mengi. Akirudi jioni alikaa mkekani mbele ya sinia, tukala pamoja kutoka sinia moja kama tulivyolelewa, yeye akisema na mimi nikisikiliza. Nilidhani maneno yake yote mwisho wake ni pale.

Kesho yake baada ya mazishi sebule ilikuwa imejaa wanawake. Simu ya mezani ikalia. Nilikuwa karibu nayo, nikaipokea.

"Samahani," mwanamke mzee alisema, Kiingereza chake cha taratibu, kila neno limesimama peke yake. "Namuulizia dereva wangu. Leo ni Alhamisi na hajafika. Hajawahi kuchelewa."

Nikamwambia amekufa Jumatatu. Sikuongeza kitu. Nikasikia analia. Hakikuwa kilio cha adabu, kile cha mtu anayetoa pole. Alilia kama mtu aliyeanguka chini na hajui ameumia wapi. Nami tangu Jumatatu nilikuwa sijatoa chozi. Nilisimama pale nimeshika simu, nikimsikiliza mwanamke mwingine akimlilia mume wangu kwa namna ambayo mimi nilishindwa, halafu nikakata.

"Nani?" aliuliza jirani yangu, mwanamke wa Mombasa tuliyefahamiana tangu tuhamie mtaa ule.

"Abiria."

"Abiria! Na namba ya nyumbani ameipata wapi?"

Hilo nami nilikuwa najiuliza.

Lakini nilimjua ni nani. Nilikuwa nimemjua kwa miaka mitatu bila kumwona. Alikuwa Mjapani, mjane wa Mwingereza, akiishi peke yake mtaa wa Edgbaston katika nyumba yenye miti mikubwa mbele. Kila Alhamisi mume wangu alimchukua kumpeleka maktaba ya chuo kikuu, akambebea vitabu, akamngoja, akamrudisha. Bibi huyo alikuwa anaandika kitabu kidogo juu ya majina ya vyeo vya zamani vya China, Korea na Japani: waheshimiwa wa ikulu, mawaziri, washauri wa mfalme. Hakuandika juu ya kazi zao wala vita vyao. Aliandika juu ya majina yenyewe, kila moja lilianzia wapi kabla halijavaa hariri. Macho yake yalikuwa yanachoka. Alichoandika alimsomea mume wangu kwa sauti. Dereva akikunja uso, aliandika upya.

Mwanzoni nilifurahi. Alhamisi jioni ikawa kama siku ya hadithi. Alikaa mkekani akaniambia, "Mama watoto, leo nina waziri mmoja, usiseme."

"Sisemi."

"Hujasema siku zote, leo ndiyo utasema? Sikiliza. Wachina wana neno la mtumishi mkubwa wa mfalme. Zamani za kale likiandikwa, lilikuwa picha ya jicho limesimama wima. Kwa nini jicho lisimame wima?"

"Sijui."

"Kwa sababu kichwa kimeinamishwa!" Akainamisha kichwa chake juu ya wali mpaka ndevu zikagusa mchuzi. "Unaona jicho langu? Mtu ameinama mbele ya bwana. Wasomi wanasema alikuwa mtumwa, labda mateka wa vita. Yule mtumwa wa nyumbani mfalme akamzoea, akamwamini, akampa funguo, akampa mkoa. Neno likapanda ngazi pamoja naye. Leo ni waziri."

"Futa ndevu," nilimwambia.

Alhamisi nyingine alileta neno la waziri mkuu, ambalo asili yake, alivyoambiwa, ni mtu wa nyumbani kwa bwana aliyechinja mnyama na kugawa nyama. Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Anayegawa nyama vizuri bila watu kugombana, ataweza na nchi. Alhamisi nyingine alipanga vikombe vya chai pande mbili za sinia. Kettle ilikuwa mfalme wa Korea, ametazama kusini. Vikombe vya mashariki ni maafisa wa kalamu, vya magharibi maafisa wa upanga. Watu wa ukoo bora wa nchi ile waliitwa tu safu mbili, kwa jinsi walivyosimama. Binti yetu, aliyezaliwa hapahapa Birmingham, alikuja kuchukua kikombe, akachukua jenerali. Babake akapiga kelele, binti akajibu kwa Kiingereza kwamba jenerali anahitajika kwa maziwa.

Wivu ulianza siku aliyorudi ameshiba.

Nilikuwa nimepika. Alinawa, akakaa, akachota matonge mawili, akawa anasukuma wali tu pembeni. Mtu niliyeishi naye miaka yote ile namjua mkono wake. Nikamuuliza amekula wapi. Akasema kwa bibi, amemlazimisha. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kuficha, akaendelea na habari ya siku hiyo. Kuna neno jingine la Kichina la waziri wa juu kabisa, la wale walioketi karibu na mfalme. Likiandikwa kizamani lilikuwa watu wawili wamepiga magoti wanatazamana, na katikati yao chombo cha chakula. Neno la waziri na neno la karamu yalikuwa picha moja.

"Na nyinyi mkila," nikamuuliza, "mnakaa vipi?"

Akacheka. "Mezani, mama watoto. Kiti huku, kiti huku."

"Na chakula katikati."

"Kiwekwe wapi, chini ya meza?"

Sikucheka. Kesho yake nilimwambia jirani yangu, nikitaraji aniambie nimekuwa mjinga. Hakuniambia.

"Mimi wangu akirudi ameshiba," alisema, "namnusa kwanza. Kitunguu cha nani, iliki ya nani. Kila nyumba ina harufu yake."

"Ni bibi mzee."

"Mzee wa nini? Mikono inapika?"

Binti yangu aliposikia alikasirika kwa niaba ya babake. Alisema mama, yule bibi ana miaka karibu themanini. Nikamjibu, kwani wa miaka themanini hawali?

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Sikumdhania mume wangu jambo chafu hata siku moja. Wivu wangu haukuwa huo, na ndiyo maana sikujua pa kuupeleka. Nilikuwa na wivu wa meza. Nilikuwa na wivu kwamba pale alisema na akajibiwa. Mimi aliniletea mawaziri wakiwa wameshazungumzwa, kama nguo iliyovaliwa kwanza na mwingine. Kulikuwa na neno la Kijapani, *kuge*, la watu wa ukoo bora wa ikulu. Mwanzo lilikuwa na maana ya nyumba ya umma, yaani nyumba ya mfalme mwenyewe. Baadaye waliokuwa wakiizunguka nyumba wakalichukua jina. Alinieleza akiwa na furaha, na mimi nikawa nawaza: huyo anayezunguka nyumba yangu atachukua nini?

Mara moja nilimwambia, kwa ukali kidogo, "Mawaziri tu. Na wake zao? Hawana majina?"

"Sijamuuliza."

"Muulize."

Alhamisi iliyofuata aliingia jikoni na koti lake bado mwilini. "Nimeleta jibu! Mke mkubwa wa mheshimiwa huko Japani aliitwa mtu wa kaskazini. Kwa sababu alikaa upande wa kaskazini wa nyumba. Sasa wewe wa Isiolo, kaskazini ya Kenya, na jiko letu liko upande wa kaskazini. Wewe ni mtu wa kaskazini mara mbili!" Tangu siku hiyo aliniita hivyo, mtu wa kaskazini, akinipigia simu kutoka kwenye gari, akiniita kutoka ghorofani. Nililipenda jina lile kuliko yote aliyonipa. Na kila aliponiita, nilikumbuka limetoka kwenye mdomo wa nani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni wakati simu ilipolia siku ile ya msiba.

Nikaingia eda. Sikutoka nje ila kwa lazima, sikujipaka manukato, nguo ni zile za kawaida. Jamaa walikuja, wakapungua, kama ilivyo. Kila Alhamisi baada ya magharibi wanawake wa mtaa walikuja kumsomea marehemu Kurani, tukakaa kwenye magodoro kando ya ukuta. Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka msiba uwe wangu. Nilikuwa nimeshindwa kumpata mzima peke yangu akiwa hai, angalau sasa.

Mwezi wa Machi bibi alipiga simu tena. Alisema kwao, katika majuma yale ambapo usiku na mchana hulingana, watu huwapelekea chakula waliotangulia. Aliomba aje kwangu, kwa sababu kaburi lilipo hajui na hana wa kumpeleka.

Nilitaka kusema hapana. Lakini kumkataza mtu kuja kutoa pole sikufundishwa, na mdomo wangu hauna ujuzi wa maneno kama hayo. Nikasema njoo.

Alikuja Alhamisi mchana, ameletwa na teksi ya kampuni ileile, dereva mwingine. Nilimwona kupitia pazia. Nilikuwa nimemfanya mkubwa kichwani mwangu, na aliyeshuka ni mtu mfupi mwenye koti la mvua, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cha rangi ya zambarau. Alivua viatu mlangoni kabla sijamwambia. Hilo lilinikera pia, nilitaka akosee.

Tulikaa. Alitoa pole, nikapokea. Kisha akafungua kitambaa, akafunua sufuria, na nikanusa mafuta ya simsim.

Ilikuwa ambulo.

Kwa asiyejua: ambulo ni maharagwe madogo mekundu, yale madogo sana, yanachemshwa kwa saa nyingi kwa moto mdogo mpaka yapasuke na kulegea kabisa, kisha yanamiminiwa mafuta ya simsim na sukari. Ni chakula cha jioni cha Wasomali. Mama yangu alinifundisha nikiwa sijafika kimo cha meza. Mume wangu hakukijua mpaka aliponioa, na akakipenda kuliko vyakula vya kwao vyote. Sasa kimeingia nyumbani kwangu mikononi mwa Mjapani wa Edgbaston.

"Hiki umekijua wapi?" nilimuuliza.

Alinieleza kwa utaratibu wake. Maharagwe yale yako Japani pia, na aina yake iliyo bora kuliko zote ina jina la cheo. Inaitwa *dainagon*. Dainagon alikuwa mshauri mkubwa wa ikulu. Neno lenyewe lina maana ya mpeleka maneno mkubwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuyapandisha maneno ya watu kwa mfalme na kuyateremsha ya mfalme kwa watu. Na kwa nini haragwe liitwe hivyo? Watu husimulia kwamba wapiganaji wa kule, wakivunjiwa heshima, walijipasua tumbo. Waheshimiwa wa ikulu hawakuwa na desturi hiyo. Na haragwe hili, ukilipika kwa uangalifu, linaiva ndani lakini ngozi haipasuki. Basi likaitwa dainagon.

"Ndivyo nilivyompikia siku ya kwanza," alisema. "Mazima, kila moja na ngozi yake. Alikula kwa adabu. Nikamuuliza kama ni mazuri. Akasema, ni mazuri, lakini mke wangu angeyarudisha jikoni."

Nilichungulia tena ndani ya sufuria.

"Akanionyesha kwa maneno unavyofanya wewe. Maji kiasi gani, moto kiasi gani, lini sukari. Nilikosea mara nyingi. Tangu hapo sijayapika tena kwa njia yetu."

"Kwa hiyo umempasua mheshimiwa," nikasema.

Yalinitoka tu. Alinitazama, kisha akacheka, mkono umefunika mdomo, mabega yakitikisika. Nami nikacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu Jumatatu ile, na mara tu kilipoisha nilimchukia kwa kunichekesha.

Maana nilikuwa nimeelewa jambo. Miaka yote ile nilipomnusa akirudi kutoka Edgbaston, sikunusa kitu kigeni kwa sababu hapakuwa na kitu kigeni. Alikuwa anakula chakula changu. Mtu mwingine angesema hii ni faraja, na binti yangu alisema hivyo nilipomsimulia. Mimi sikufarijika. Mume wangu alikuwa amechukua kitu cha mama yangu, ambacho hata jirani yangu sijampa, akakipeleka kule kama alivyokuwa akileta mawaziri huku. Yeye mwenyewe alikuwa mpeleka maneno. Kilichopanda na kilichoteremka vyote vilipita kwake, na hakumuuliza mtu.

Niliionja. Nilikuwa nimekusudia kuikuta na kasoro. Ilikuwa imeiva sawasawa.

"Alikuwa akila sana?" nikauliza.

Nilitaka aseme kidogo. Alikunja kile kitambaa chake, na nikajua anafikiria kama aniambie uongo.

"Sana," akasema. "Alikuwa akiomba tena."

Nilimheshimu kwa hilo, na ilinichoma.

Alipokuwa akijiandaa kuondoka alisimama katikati ya sebule na sufuria tupu. Nilikuwa nimeimimina ambulo kwenye bakuli langu. Alisema nyumbani kwake hakuna aliyemjua marehemu. Majirani walimwona dereva, basi. Watu wa maktaba walimwona mtu anayebeba vitabu. Akisema amefiwa, wanamuuliza na nani, akisema na dereva wangu, wanasema ooh, na kuuliza kama amepata mwingine.

"Sina mtu wa kuzungumza naye habari zake," alisema.

 Nilijua anachoomba. Aliomba kile kimoja nilichokuwa nimebakiza. Nilimfungulia mlango, nikamwambia asante kwa chakula, na dereva yule mwingine akamfungulia gari.

Alhamisi ile ile jioni sikumtaja kwa wanawake waliokuja. Alhamisi iliyofuata, mchana kutwa, nilikuwa na neno lake kichwani. Nilijaribu kulitoa kwa kusafisha nyumba. Nilimwaza akiambiwa "umepata mwingine?" na nikaona aibu kwa ajili yake, halafu nikakasirika kwamba nimemwonea aibu mtu niliyemwonea wivu. Saa tisa nilichukua simu, nikampigia. Nilimwambia wanawake wanakuja baada ya magharibi, wanasoma kwa Kiarabu na hataelewa, na hakuna viti. Akasema hahitaji kiti.

Alifika tukiwa tumeshaanza. Mlango ulifunguliwa na binti yangu. Wanawake waliinua vichwa, wakamwona bibi mfupi wa Kijapani mwenye koti la mvua akihangaika na viatu, kisomo kikasita.

Jirani yangu alinisogelea. "Huyu ni nani?"

Ningeweza kusema abiria. Ningeweza kusema bibi wa Edgbaston, na yeye angeelewa mara moja, na mtaa mzima ungepata la kuzungumza. Wote walikuwa wananingoja mimi, mtu asiyesema.

"Mfiwa," nikasema.

"Mfiwa wa nani?"

"Wa mume wangu."

Jirani alinitazama usoni. Kisha akavuta miguu yake na kuwaambia wengine wasogee. Nafasi ilipatikana pembeni yangu. Sikumpa hiyo. Nilimwonyesha upande wa pili wa chumba, karibu na redieta ya kupasha chumba joto, mbali na nilipokaa, na akaenda akakaa huko.